Bunia: Vitunguu thelathini vilivyopima maji ya mfereji

BUNIA, Ituri. Wakati wa kiangazi, kijito kinachopita nyuma ya nyumba za kartie moja ya mji wa Bunia hupungua mpaka mtoto anaweza kukiruka bila kulowesha miguu. Ndipo akina mama wanaolima lengalenga kandokando yake hukihitaji zaidi, kwa kuwa mvua hakuna. Saa kumi na mbili asubuhi wanashuka na ndoo, wanachota, wanamwagilia vitanda vyao, kisha wanavuna na kupanda kuelekea soko kuu wakiwa na mafungu kichwani.

Mama mmoja, mjane mwenye watoto wanne, ndiye aliyeona wa kwanza kwamba kitu hakiendi sawa. Majani ya lengalenga yake yalikuwa yameungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Miche mipya iliota, ikasimama siku chache, ikalala. Jirani yake, anayelima hatua chache tu upande wa juu, alikuwa na mboga nzuri za kijani. Mbegu zilikuwa zile zile, kwa maana walizigawana. Udongo ni ule ule. Kati ya bustani zao mbili kulikuwa na kitu kimoja tu: mfereji unaoteremka kutoka kituo cha afya na kumwaga maji yake ndani ya kijito.

Mama huyo hakuhitaji mtu wa kumfundisha kujumlisha. Alisema wazi kwamba dawa za kituo zinaua mboga zake. Neno hilo lilifika sokoni kabla yake. Wateja wakaanza kuuliza, «Hii imetoka wapi?» Wengine walirudisha fungu juu ya meza. Watoto wake wadogo wanasoma bure, kwa sababu shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu mwaka 2019. Lakini mkubwa yuko sekondari, na pesa ya shule yake ilikuwa inatoka katika lengalenga hizo.

Akaenda kwa kijana jirani anayefanya kazi katika laboratwari ya kituo kingine. Kazi ya kijana huyo ya kila siku ni kupima malaria, choo na damu. Mama alimwekea chupa ya maji ya mfereji juu ya meza.

«Mwanangu, nipimie dawa zilizomo humu ndani.»

«Mama, kwa kweli siwezi,» akajibu. «Mashine ya kusoma majina ya dawa ndani ya maji haipo kwangu.»

Alisema ukweli. Mabaki ya dawa katika maji huhesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu ya bilioni moja ya gramu, katika lita moja. Mashine zinazoweza kusoma kiasi kidogo hivyo ni za bei kubwa, zinahitaji umeme usiokatika na wataalamu wa kuzitunza. Lakini kijana alibaki anaiangalia ile chupa. Kuna swali jingine ambalo mtu anaweza kuyauliza maji, na halihitaji mashine hiyo. Badala ya kuuliza kuna nini ndani, unauliza: kiumbe hai kikiwekwa humu, kinapata nini?

Dawa haiishii tumboni

Wengi hufikiri kwamba kidonge kikimezwa kimekwisha. Sivyo. Amoksisilini, ambayo iko katika kila famasi ya Bunia, zaidi ya nusu yake hutoka na mkojo katika saa chache, ikiwa bado ni amoksisilini. Siprofloksasini, karibu nusu hutoka hivyo hivyo. Metformini ya wagonjwa wa sukari hutoka karibu yote bila kubadilika. Ongeza juu yake dawa zilizopita muda zinazotupwa chooni, siro zilizobaki ndani ya chupa, maji ya kuoshea vyombo vya wagonjwa. Katika mji usio na mtambo wa kusafisha maji machafu, vyote hivyo hufuata mteremko. Maji ya Bunia huteremka kuelekea mto Shari, Shari unaingia Ituri, Ituri unageuka kuwa Aruwimi, na Aruwimi unaingia mto Kongo.

Wenzetu wamekwisha kuangalia jambo hili kwao. Huko Nairobi na Kisumu, watafiti walitafuta dawa katika maji machafu, mitoni na hata katika maji ya chini ya ardhi, wakazikuta, pamoja na dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Katika ziwa Victoria upande wa Uganda, kazi iliyochapishwa mwaka 2020 ilikuta antibiotiki na dawa nyingine nyingi. Hapa kwetu Kongo, watafiti walichukua mashapo ya mito ya Kinshasa inayopokea maji ya hospitali, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba wamekuta ndani yake vinasaba vinavyowafundisha vijidudu kuzishinda antibiotiki. Mwaka 2022 ilitoka kazi kubwa ya dunia nzima iliyopima mito 258 katika nchi 104. Kati ya sehemu zilizokuwa na dawa nyingi zaidi kulikuwamo Lahore ya Pakistani, La Paz ya Bolivia na Addis Ababa ya Ethiopia. Miji yenye shida kubwa ilikuwa ile ambayo maji machafu hayasafishwi.

Na madhara si maneno tu. Kule Kanada, wanasayansi walitia katika ziwa moja dogo la majaribio homoni ya vidonge vya kupanga uzazi, kwa kiasi cha nanogramu tano au sita tu kwa lita, miaka mitatu mfululizo kuanzia 2001. Samaki dume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kwisha kabisa ndani ya ziwa hilo. Hakuna samaki aliyeelea akiwa amekufa siku ya kwanza. Walikosa tu watoto.

Vitunguu katika glasi

Katika nchi zenye laboratwari kubwa, sumu ya maji kwa viumbe hupimwa kwa njia zilizoandikwa kama sheria. Mwani mdogo wa majini huachwa ukue kwa saa 72. Wadudu wadogo wa majini waitwao dafnia, wenye umri usiofika siku moja, huwekwa ndani ya maji na kuangaliwa kwa saa 48 ni wangapi wameacha kuogelea. Mayai ya samaki huangaliwa kwa saa 96. Kijana wa Bunia hakuwa na dafnia wala mayai ya samaki. Alikuwa na soko, na sokoni kuna vitunguu.

Jaribio la kitunguu si mchezo wa watoto. Mwanasayansi wa Sweden, Albert Levan, alilieleza mwaka 1938, na tangu wakati huo limetumika duniani kote kupima maji machafu. Unakiweka kitunguu juu ya mdomo wa glasi, kitako chake kikigusa maji. Kama maji ni mema, mizizi myeupe hushuka kwa haraka. Kama kuna sumu, mizizi huchelewa, huwa mifupi, hupinda au hugeuka rangi. Unaipima kwa rula.

Mama alinunua vitunguu thelathini vidogo, vyenye ukubwa mmoja. Kijana alivimenya ganda la nje, akakwangua mizizi ya zamani iliyokauka bila kukijeruhi kitako. Akapanga mafungu sita, kila fungu vitunguu vitano. Fungu la kwanza lilipewa maji ya sursi ambayo watu wa kartie wanakunywa. La pili, maji ya kijito juu ya mfereji. La tatu, maji ya mfereji yenyewe. La nne, maji ya mfereji nusu kwa nusu na ya sursi. La tano, robo ya mfereji na robo tatu za sursi. La sita, maji ya kijito pale chini, anapochota mama. Kila siku maji yalibadilishwa.

Akafanya jambo moja zaidi. Aliandika namba chini ya kila glasi, akazichanganya juu ya meza, na siku ya nne akamwita dada yake mdogo apime mizizi bila kujua namba ipi ni maji yapi. Dada yake akamuuliza, «Yaya, mbona unanificha?» Akajibu kwamba yeye mwenyewe ni jirani wa mama yule, anakula mboga zake, na anatamani sana kumfurahisha. Mtu anayetamani jibu fulani, rula yake huteleza.

Matokeo hayakuhitaji maelezo mengi. Katika maji ya sursi na ya kijito juu ya mfereji, mizizi ilikuwa mirefu na minyoofu. Katika maji ya mfereji matupu haikutoka, ila vinundu vya rangi ya kahawia. Kadiri maji ya sursi yalivyoongezwa, ndivyo mizizi ilivyorefuka. Chini, anapochota mama, haikufika hata nusu ya ile ya sursi.

Siku waliyotaka kupanda mlimani

Habari ilienea jioni ile ile. Vijana wa kartie walikusanyika kwa mama, wengine wakitaka waende usiku huo huo mpaka kituoni. «Tuna ushahidi sasa,» walisema. «Dawa zinatuua.» Mtu mmoja aliviomba vile vitunguu ili avibebe mbele ya watu.

Kijana wa laboratwari alikataa kuvitoa. Aliwaambia kwamba vitunguu vimesema maji yana sumu, lakini havikutaja jina la sumu. Wakamkasirikia. Mmoja akasema amekwisha kununuliwa, kwa sababu watu wa afya hulindana. Kwa mtu anayeishi kati ya nyumba hizo, anayekopa chumvi na sabuni kwa majirani hao, neno hilo ni zito.

Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua tangu alipofungua chupa ya kwanza, nalo ni harufu. Kila mkaaji wa Ituri anaijua harufu hiyo. Tangu Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mpaka ilipotangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, watu walinawa kwa kloro kanisani, sokoni, shuleni na kwenye vizuizi vya barabara. Kloro hafifu ilikuwa ya mikono, na ile kali mara kumi, ya asilimia 0.5, ilikuwa ya sakafu, vitanda na maiti. Kloro kali inachoma mzizi wa kitunguu haraka kuliko antibiotiki yoyote.

Akaenda kwa rafiki yake anayepima maji ya kunywa. Chupa za kuchukulia maji yenye kloro kwa kutafuta vijidudu hutiwa kwanza chumvi iitwayo thiosulfati, ambayo huiua kloro papo hapo. Akapewa kidogo. Angeweza pia kuyaacha maji juani mpaka kloro iondoke, lakini jua huvunja pia baadhi ya dawa, siprofloksasini ikiwemo, na hapo angekuwa amefuta kile anachokitafuta. Akarudia jaribio lote. Safari hii maji ya mfereji yalitiwa chumvi hiyo, na fungu moja la maji ya sursi nalo likatiwa chumvi ile ile, ili mtu asije kusema ni chumvi iliyoharibu.

Siku ya nne dada yake akapima tena. Mizizi ya maji ya mfereji ilikuwa imetoka, na ilikuwa mirefu kuliko mara ya kwanza kwa tofauti ambayo hata mtoto angeiona. Lakini bado ilikuwa mifupi kuliko ya sursi yenye chumvi.

Kijana akaandika sentensi tatu kwenye karatasi. Maji ya mfereji yana madhara kwa mmea. Sehemu kubwa ya madhara hayo inatokana na kloro. Kuna kitu kingine kinachobaki, ambacho kinaweza kuwa dawa, sabuni, rangi za laboratwari au vyote pamoja, na kitunguu hakiwezi kukitaja.

Kwa vijana wa kartie karatasi hiyo ilikuwa baridi mno. Mama aliisoma mara mbili. Kisha akasema neno ambalo wengi hawakulitazamia: «Mimi nilizaa watoto wawili ndani ya kituo hicho. Tuende mchana, na tuende na karatasi.»

Ndani ya kituo

Walikwenda watu wanne. Muuguzi mkuu aliwapokea akiwa amekunja uso, kwa sababu alikuwa amesikia maneno ya vijana. Alieleza kwamba wagonjwa wameongezeka kupita kiasi tangu watu waliokimbia vita huko vijijini wajae Bunia, na kwamba kituo kikifungwa, wa kwanza kuumia watakuwa hao hao wa kartie. Hakuna aliyembishia.

Ndipo akaitwa mama anayefanya usafi. Alisimama mlangoni akiwa na glavu mikononi, akiogopa kazi yake. Kijana alimwamkia kwa heshima, akamuuliza tu anafanya nini kila siku. Akaeleza. Wakati wa Ebola walimfundisha kutengeneza kloro kali, na alijifunza vizuri. Kila asubuhi anajaza ndoo, anaosha sakafu, na kinachobaki anakimwaga. Wapi? Katika mfereji. Na siro zilizopita muda, na chupa za antibiotiki zilizokorogwa zikabaki? Katika sinki, ambayo inaelekea mfereji ule ule. «Walinifundisha namna ya kuitengeneza,» alisema. «Namna ya kuitupa, hakuna aliyenifundisha.»

Chumba kilinyamaza. Muuguzi mkuu ndiye aliyesema kwamba kosa si la mama huyo.

Makubaliano yalikuwa madogo, lakini yalikuwa ya kufanyika. Kloro itatengenezwa kwa kiasi kinachotosha siku moja tu, na ikibaki itaachwa ndani ya ndoo wazi, mahali watoto hawafiki, mpaka iishe nguvu. Dawa zilizopita muda hazitaingia sinki tena. Zitaandikwa katika daftari, zitafungwa ndani ya sanduku, na zone ya afya itaombwa ielekeze zitakapoteketezwa. Mfereji nao utakatwa, na maji yaelekezwe katika shimo lenye mawe na mchanga, mbali na sursi na visima, maana shimo likichimbwa karibu na kisima, dawa zitahama tu kutoka kijito kwenda ndani ya kikombe. Mfuko wa shimo hilo haukupatikana siku hiyo. Kituo kitaleta mawe, kartie italeta mikono, na saruji bado inatafutwa.

Hata shimo likijengwa, kijana aliwaambia ukweli uliobaki. Jaribio moja halitoshi. Antibiotiki inaweza kuudhuru mwani kwa kiasi kidogo sana huku dafnia akiogelea bila shida. Homoni ya ziwa la Kanada isingemshtua hata kitunguu mmoja. Ndiyo maana wenye uwezo hupima kwa viumbe kadhaa, na kwa siku nyingi, kisha mashine hutaja majina. Vyuo vikuu vya Bunia vina wanafunzi wanaotafuta kila mwaka habari ya kuandikia kazi ya mwisho wa masomo. Maji ya mifereji ya mji yapo, vitunguu vipo, na dafnia wanaweza kufugwa ndani ya ndoo. Sampuli chache zilizogandishwa vizuri zinaweza kusafiri mpaka Kampala au Kinshasa kwenye mashine.

Swali la mama

Wakati wa kurudi, mama aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu mwanzo. «Basi mboga zangu, watu wazile au wasizile?»

Kijana alisimama. Alisema kwamba kitunguu kimejibu kuhusu mzizi, hakikujibu kuhusu tumbo. Asingeweza kumwambia kwamba mboga zina sumu, na asingeweza kumwambia hazina.

Mama akafikiri kidogo. Kesho yake aliacha kumwagilia vitanda vya chini. Sasa anachota juu ya mfereji, kwa jirani yake, na kubeba ndoo umbali ulioongezeka, kila asubuhi, mpaka shimo lijengwe. Mafungu anayopeleka sokoni yamepungua. Wateja wakiuliza, anawaeleza wapi anachota maji, na wengine wameanza kurudi.

Kwa wakaaji wengine wa mji, funzo liko karibu kuliko kituo cha afya. Vidonge vilivyobaki nyumbani visitupwe chooni wala mferejini. Uliza famasi au kituo kama wanavipokea. Antibiotiki inunuliwe kwa karatasi ya muganga, siyo vidonge viwili vitatu vya kutuliza homa, kwa sababu kisichohitajika mwilini kitakwenda tu kuwazoesha vijidudu wa mtoni.

Vile vitunguu thelathini vya kwanza, mama alitaka kuvirudisha jikoni, kwa maana vilinunuliwa kwa pesa yake. Kijana alimwomba asifanye hivyo. Walivifukia nyuma ya nyumba, mbali na bustani. Mvua ikianza, watanunua vingine na kupima tena, ili waone kijito kinasema nini kikiwa kimejaa maji.